Kwantamu haijasema ulimwengu haupo

Ndugu Mhariri,

Pole na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji, najua huwa mnakatakata barua ndefu ila hii naomba iachwe ilivyo maana ukichomoa kipande cha katikati zinabaki kelele tu. Ni kuhusu ile makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile yenye kichwa kikubwa kwamba wanasayansi wamethibitisha ulimwengu haupo mpaka mtu auangalie. Mi ni fundi maabara kwenye shule ya sekondari huku Temeke, na tangu gazeti litoke sina amani, walimu ofisini wananiuliza, kijiweni kwenye kahawa wananiuliza, konda wa daladala la Mbagala anayenifahamu kanishika bega akasema mzee leo nauli yako naikodolea macho isije ikapotea. Gari zima likacheka. Ila kuna kijana wa kidato cha sita yeye hakucheka, kaja maabara baada ya vipindi kaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama ni kweli, ndo maana nimeshika kalamu.

Makala haikuwa mbaya yote, niseme ukweli. Majina yalikuwa sawa, Alain Aspect wa Ufaransa, John Clauser wa Marekani na Anton Zeilinger wa Austria kweli walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2022, na kweli ilikuwa kwa majaribio ya fotoni pacha, yaani chembe mbili za mwanga zilizozaliwa pamoja. Tatizo ni umbali uliopo kati ya kile walichopima na kile mlichoandika kwa herufi kubwa pale juu.

Hesabu yenyewe ya kwantamu, yaani ya vitu vidogo kabisa kama atomi, elektroni na mwanga, haina mgogoro. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akatoa mlinganyo unaoielezea elektroni kama wimbi, na mwaka huohuo Max Born akasema hilo wimbi linakupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani, basi, wala halikwambii iko wapi. Kwa hesabu hiyo watu wakaja kutengeneza transista, leza, taa za LED, simu unayosomea barua hii, na kila ikipimwa inatoka sawa. Mwaka 1989 Wajapani wa Hitachi, Akira Tonomura na wenzake, walirusha elektroni mojamoja kwenye kifaa chenye njia mbili, kila moja ikifika kwenye skrini inaacha kidoa kimoja tu, kimoja huku kingine kule, hovyohovyo, lakini vidoa vilipofika maelfu kwa maelfu ikajitokeza mistari ya wimbi, na kila elektroni ilikuwa imepita peke yake. Sasa kabla ya kidoa elektroni ilikuwa wapi? Swali hilo ndo limegombanisha watu karibu miaka 100. Wanafunzi wetu wanaandika elektroni ni chembe na pia ni wimbi, wanapata maksi zao wanaondoka, hakuna anayewaambia kwamba wakubwa wa fani wenyewe hawajaelewana sentensi hiyo ina maana gani.

Mwaka 1935 Einstein na wenzake wawili, Podolsky na Rosen, wakasema hesabu hii haijakamilika. Hoja yao ni rahisi, kama chembe mbili zimetoka pamoja alafu zimeachana mbali, ukiipima hii unajua jibu la ile papo hapo, basi ile lazima ilikuwa na jibu lake mfukoni tangu mwanzo, maana haiwezekani kupima kitu hapa kukabadilisha kitu kule mbali. Ukiwauliza watu wa kijiweni wote wanakuwa upande wa Einstein, na mi nawaelewa kabisa.

Ikakaa hivohivo hadi 1964, mwaka uleule wa Muungano wetu, mtu mmoja wa Belfast anaitwa John Bell, aliyekuwa anafanya kazi CERN, kile kituo cha utafiti wa chembe kule Geneva, akaonyesha kwamba wazo la majibu ya mfukoni linaweza kupimwa. Hapa naomba msomaji atulie maana makala yenu ilipita haraka mno na utamu wote uko hapa.

Chukulia wanafunzi wawili wamewekwa vyumba tofauti, hawana simu, hawaonani. Kuna maswali matatu ya ndiyo au hapana. Msimamizi wa kila chumba anachagua swali moja tu kwa kubahatisha, anauliza, anaandika jibu. Zoezi linarudiwa mara nyingi sana, na kila raundi kabla ya kuingia vyumbani wanafunzi wanaruhusiwa kukutana. Ukija kusahihisha unakuta kila walipoulizwa swali moja wamejibu sawasawa, bila kukosea hata mara moja. Utasema nini? Utasema wameingia na kikaratasi, wamekubaliana nje majibu ya maswali yote matatu. Huyo ndo Einstein. Haya sasa twende kwenye raundi walizoulizwa maswali tofauti. Majibu yako matatu na kila jibu ni ndiyo au hapana, kwahiyo kwenye kikaratasi lazima angalau majibu mawili yafanane, hakuna namna, chukua kalamu ujaribu kuandika matatu yasiyofanana hata mawili, utashindwa. Maana yake katika jozi tatu za maswali angalau moja ina majibu yanayofanana, kwahiyo kwenye raundi za maswali tofauti wanatakiwa kufanana walau theluthi moja. Raundi 1,200, walau kama 400 hivi.

Fotoni pacha zinafanana robo. Kama 300. Badala ya maswali unaweka vichujio vya mwanga vya polaroidi vilivyozungushwa nyuzi 0, 60 na 120, jibu la ndiyo ni fotoni imepita na hapana ni imezuiwa, na hesabu ya kwantamu inasema kwa swali lilelile zinafanana kila mara, kwa maswali tofauti robo tu. Hakuna kikaratasi duniani kinachoweza kutoa robo. Mi nilipoifanya hesabu hii kwa mkono nilibaki naiangalia karatasi, maana haihitaji kalkulasi wala nini, mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Watu wa maabara wanatumia hesabu ndugu ya hiyo, ya mwaka 1969, ambayo inajumlisha kufanana kwa majibu kuwa namba moja, vikaratasi haviwezi kuvuka 2 na kwantamu inaruhusu kufika kama 2.83. Clauser na mwenzake Stuart Freedman wakapima kule Berkeley, Marekani, mwaka 1972 kwa kutumia atomi za kalsiamu, na Clauser mwenyewe alikuwa anatamani Einstein ashinde, Einstein akashindwa. Aspect mwaka 1982 akaongeza ujanja wa kubadilisha swali wakati fotoni ziko njiani tayari. Mwaka 2015 kule Delft, Uholanzi, wakaweka vituo viwili umbali wa kama kilomita 1.3, kila kimoja kina elektroni ndani ya kipande cha almasi (sisi wenye Mwadui almasi tunazijua za pete tu), wakapata 2.42, na swali na jibu vyote viliisha kabla hata mwanga haujaweza kutoka kituo kimoja kufika kingine. Bell hakuwahi kuonja Nobel, alifariki 1990 na marehemu hapewi.

Sasa mwandishi wenu akasoma yote haya akahitimisha: kwahiyo ulimwengu haupo. Hapana ndugu yangu! Kilichokufa ni mchanganyiko wa mambo matatu kwa pamoja, kwamba majibu yalikuwepo tangu mwanzo, kwamba vyumba haviwasiliani, na kwamba msimamizi anachagua swali kwa uhuru. Jaribio linasema hayawezi kuwa kweli yote. Halisemi lipi ni la uongo. Hapo ndo kila mtu na njia yake, na wote wanakubaliana na kila namba iliyopimwa.

Makala iliileta njia ya Niels Bohr wa Copenhagen kama vile ndo tangazo rasmi la sayansi. Yeye na wafuasi wake wanasema majibu hayakuwepo kabla ya kupima, na ukiuliza basi kulikuwa na nini, wanakwambia swali lako halina maana. Wanafizikia wengi wanajiita watu wa upande huo, ni kweli, ila ukiwabana unakuta wengi hawana muda na ugomvi, wanataka kupiga hesabu wamalize kazi. Mi hilo jibu la swali lako halina maana huwa linanikera, mwalimu akikujibu hivo darasani unajua kabisa hajui. Na hata Bohr hakuwahi kusema Kariakoo inapotea watu wakilala.

Alafu kuna David Bohm, ambaye makala haikumtaja ata kwa bahati mbaya. Huyu peke yake anatosha kukiangusha kichwa chenu cha habari. Mwaka 1952 alionyesha kwamba unaweza kuwa na elektroni ambayo muda wote iko mahali fulani, iangaliwe isiangaliwe, ina njia yake kamili, na wimbi la kweli linaiongoza ipite wapi, na ukipiga hesabu majibu yote yanatoka yaleyale ya kwantamu, mistari ya Tonomura inatoka, robo ya fotoni inatoka. Gharama yake ni kwamba vyumba vinawasiliana, wimbi linaunganisha pacha papo hapo hata kama mmoja yuko Dar mwingine yuko mwezini, ingawa huwezi kulitumia kutuma meseji. Gharama kubwa, sikatai, Einstein mwenyewe hakuipenda. Lakini ulimwengu upo, tena upo kwelikweli. Bohm wakati anachapisha hayo alikuwa São Paulo, Brazil, kwa sababu Marekani ya enzi zile ilikuwa inawinda wakomunisti, akakataa kutaja wenzake mbele ya kamati ya bunge, chuo chake cha Princeton hawakumuongezea mkataba. Sijui kazi yake ingepokelewaje kama angekuwa amekaa kwenye kiti chake kizuri Princeton. Na Bell, huyuhuyu wa 1964, alifikia hesabu yake baada ya kumsoma Bohm akajiuliza kama lile wimbi linalovuka umbali linakwepeka.

Hugh Everett, 1957, anasema majibu yote mawili yametolewa, ndiyo kwenye tawi moja la ulimwengu na hapana kwenye tawi lingine, na wewe msimamizi umegawanyika pamoja nayo. Hapo ulimwengu haujafutika, umezidi mpaka unatisha. Vijana wanaipenda sana hii kwa sababu ya filamu, mi bado sijamsikia mtu akanieleza vizuri neno robo lina maana gani kama yote yanatokea, ila watu wenye akili kubwa wako upande huo na siwadharau.

Wa kusema msimamizi hana uhuru, kwamba ulimwengu ulishapanga tangu zamani atauliza swali lipi, wapo pia. Zeilinger na wenzake mwaka 2018 walitumia mwanga wa kwasa mbili, yaani viini ving'avu vya magalaksi ya mbali sana, kuchagua maswali, mmoja uliondoka huko miaka bilioni 7.8 iliyopita na mwingine bilioni 12.2, dunia yetu yenyewe ina kama bilioni 4.5. Mkutano wa kupanga kikaratasi ungekuwa umefanyika kabla hakujawa na mahali pa kukaa. Hawajaizima kabisa hiyo hoja ila wameisukuma mbali mno.

Njia ninayoipenda mimi ni ya Waitaliano watatu, Ghirardi, Rimini na Weber, 1986. Wao waliigusa hesabu yenyewe, wakasema wimbi la chembe moja linajikunja lenyewe kuwa mahali pamoja kwa bahati, mara chache mno, unaweza kusubiri mamia ya mamilioni ya miaka, ila kitu kama kikombe kina chembe nyingi kupita kiasi kwahiyo ndani yake moja hujikunja kila kijisehemu cha sekunde na kuvuta zingine zote, ndo maana kikombe hukioni sehemu mbili. Hamna mtazamaji hapo, hamna matawi. Naipenda kwa sababu inaweza kukamatwa, inatabiri joto kidogo na mionzi kidogo ambayo kwantamu ya kawaida haina, na watu wameshaanza kuitafuta, kwenye maabara iliyo chini ya mlima Gran Sasso huko Italia wamepima mionzi na toleo moja rahisi la wazo ndugu na hilo, la Diósi na Penrose, likakwama. Ghirardi alikuwa mtu wa Trieste, mji uleule wenye kituo cha fizikia alichoanzisha Abdus Salam 1964, kituo ambacho wanafizikia wengi wa Afrika wamepita. Kwahiyo haya mambo hayako mbali na sisi kama watu wanavyodhani.

Nirudi kwenye hilo la kuangalia, maana ndilo limeleta fujo yote. Makala ilisema akili ya mwanadamu ndiyo inayoiamulia elektroni. Eugene Wigner aliwahi kusema kitu karibu na hicho mwaka 1961, tena ni mtu wa Nobel, na baadaye akaachana nacho. Kilichosaidia kukiondoa ni kazi ya Heinz-Dieter Zeh wa Ujerumani ya mwaka 1970, kwamba kitu kikigusana na mazingira yake, hewa, mwanga, joto, tabia ya wimbi inasambaa humo na haionekani tena. Na kuna jaribio la Vienna la mwaka 2004 natamani lingetundikwa kila maabara. Walichukua molekuli zenye atomi 70 za kaboni kila moja, molekuli nzima, zikawa zinatoa mistari ya wimbi kama elektroni za Tonomura. Alafu wakazipasha moto kwa leza. Molekuli ya moto inatoa mwanga wake yenyewe, na mwanga huo unabeba taarifa kwamba molekuli iko wapi. Kadiri walivyozidisha moto mistari ikafifia, hadi ikapotea. Hakuna mtu aliyekuwa anaangalia huo mwanga! Ulikwenda ukagonga ukuta wa chombo ukaisha. Mistari ikafa hivohivo. Sasa hapo akili ya mwanadamu imefanya nini? Na yule paka wa Schrödinger mliyemchora kwenye makala, Schrödinger alimtunga 1935 kuonyesha kwamba kuna kitu hakijakaa sawa kwenye maelezo ya wenzake, hakumtunga ili watu waamini paka anaweza kuwa hai na maiti kwa pamoja.

Mnaweza kusema mzee unagombania vitu vya vitabuni. Mhariri, wiki hiihii kwenye semina moja ya mafanikio hapa mjini msemaji alisimama na gazeti lenu mkononi akasoma kile kichwa cha habari, akasema sayansi imekubali, umaskini wako upo kwa sababu unauangalia, uache kuuangalia, na mlangoni wanauza bangili za kwantamu za kupunguza presha. Jirani yangu kanunua. Ni mama wa makamo anayemeza dawa za presha kila siku, na aliponionyesha ile bangili swali langu la kwanza lilikuwa kama dawa bado anameza. Anameza, nashukuru. Yule msemaji siwezi kumwandikia barua maana hana ukurasa wa wasomaji, ninyi mnao.

Ninachoomba ni kwamba kichwa kile kirekebishwe, ukurasa uleule na herufi za ukubwa uleule. Alafu mkiandika tena kuhusu kwantamu pandeni daladala mpaka Mlimani, idara ya fizikia ipo, wahadhiri wapo, wataongea Kiswahili tu mkiwaomba. Na mwandishi wenu namuomba anijibu hapahapa toleo lijalo: kati ya majibu kutokuwepo, vyumba kuwasiliana, matawi ya Everett na msimamizi asiye huru, yeye kachagua lipi, na hayo mengine kayatupa kwa jaribio gani, la mwaka gani, lilifanyika wapi?

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi Maabara,
Temeke, Dar es Salaam.